Picha ya Arthur Ashe kwenye stoo ya baba mdogo

Ukutani mwa stoo ya baba mdogo kulikuwa na kalenda ya mwaka uliokwisha, tambara la kufutia mikono kwenye msumari, na picha iliyokatwa kutoka gazeti la Kizungu. Pichani alikuwepo mtu mweusi mwembamba, nywele zimetuna, kavaa nyeupe tupu, ameshika kombe la rangi ya dhahabu kwa mikono miwili. Pembe moja ya picha ilikuwa imebanduka, na kila baba mdogo alipofungua mlango alfajiri, ile pembe ilipepea. Nilikuwa na miaka tisa, nikaamini kabisa kwamba yule mtu ni ndugu yetu.

"Huyo ni Arthur Ashe, mcheza tenisi wa Marekani," aliniambia nilipouliza. "Baba yake alikuwa mtunza viwanja, kama mimi."

Baba mdogo alitunza viwanja viwili vya tenisi vya klabu moja pale Tanga. Vilikuwa vya udongo wa kichuguu. Asiyewahi kuona kiwanja cha namna hiyo hajui kazi yake. Kichuguu kinachimbwa, kinapondwa, kinachekechwa mpaka kinakuwa laini kama unga wa muhogo, kinamwagwa, kinanyunyiziwa maji, kinashindiliwa kwa rola la chuma linalovutwa na watu wawili. Ukizidisha maji kinageuka tope, ukipunguza kinapasuka jua likitoka. Baada ya hapo anafunga kamba kigingi kwa kigingi, anapiga mstari wa chokaa kwa brashi, amechuchumaa, anarudi kinyumenyume. Saa moja asubuhi mistari imenyooka. Saa mbili wenye klabu wanakuja kuikanyaga. Mimi niliokota mipira.

Alifariki mwaka 1994. Nyumbani ikasemwa kifua. Ikasemwa kifua msibani, ikasemwa kifua kwenye arobaini, na kwa miaka mingi baadaye yeyote aliyetaja maradhi yake alitaja kifua na kubadilisha mazungumzo. Nilipokua nikaelewa. Nilipoelewa nikawakasirikia wakubwa wangu, na hasira ile nimeibeba muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Katikati ya hasira hiyo ndipo nilipoanza kumsoma Ashe kwa dhati, na nikakuta kwamba picha ile ya stoo ilikuwa na maradhi yale yale ndani yake.

Arthur Ashe alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 mjini Richmond, jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani, enzi ambazo sheria ilitenganisha weupe na weusi kuanzia shule hadi makaburi. Baba yake alikuwa msimamizi wa Brook Field, bustani ya michezo iliyotengwa kwa watu weusi, na nyumba ya familia ilikuwa mle mle ndani. Mtoto akifungua mlango anakutana na viwanja vya tenisi. Ila akitoka nje ya bustani, mji ulikuwa na habari nyingine: viwanja vya Byrd Park vilikuwa vya wazungu, na vile vya ndani, ambavyo mchezaji wa tenisi anavihitaji majira ya baridi, havikumruhusu kukanyaga.

Mama yake, Mattie, alifariki Machi 1950, mtoto akiwa na miaka sita. Ashe alikuja kusema kwamba kumbukumbu yake ya mwisho ni mama amesimama mlangoni, amevaa gauni la nyumbani la bluu. Hakutaka kwenda mazikoni. Baba akabaki na wavulana wawili, Arthur na mdogo wake Johnnie, na akawalea kwa mkono mzito: ukitoka shule unakuja nyumbani moja kwa moja, ukitumwa unatumika, na jina la ukoo halichezewi.

Aliyemshikisha raketi ni kijana wa chuo aliyekuwa akifanya mazoezi pale bustanini, Ron Charity. Naye akampeleka kwa Dk. Robert Walter Johnson, daktari wa mji wa Lynchburg aliyekuwa na kiwanja nyuma ya nyumba yake na ndoto ya kuwaingiza vijana weusi kwenye tenisi ya wazungu. Alikwisha kumsaidia Althea Gibson, ambaye baadaye alitwaa Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, mara mbili, 1957 na 1958. Siku za mwanzo kijana Ashe akambishia daktari: Bwana Charity hakunifundisha hivyo. Daktari akampigia simu baba yake. Baba akawasha gari, akaenda mpaka Lynchburg, akamwuliza mwanawe swali moja, akamwambia kuanzia leo mwalimu wako ni Dk. Johnson, akageuza gari akarudi Richmond. Ubishi ukaisha.

Sheria za Dk. Johnson nimezifikiria sana. Usibishane na mwamuzi. Usirushe raketi. Usionyeshe uso wa hasira. Na ile inayoniumiza kuliko zote: mpira wa mpinzani ukidondoka nje ya mstari, lakini karibu, kiasi cha vidole viwili au vitatu, urudishe kana kwamba umeingia. Yaani mtoto mweusi anacheza kwenye kiwanja kikubwa kuliko cha mwenzake. Daktari hakuwa mwoga. Alijua kwamba waandaaji wa mashindano wanatafuta sababu moja tu ya kuwafukuza vijana wake, na akaamua sababu hiyo haitapatikana. Nilipokuwa mdogo nilimwona baba mdogo akifokewa na mwanachama mmoja kwa sababu ya mpira uliodunda vibaya. Alisema "samahani mzee", akachukua brashi, akasawazisha pale mahali. Nilitaka ajibu. Hakujibu, na jioni wala hakulizungumzia.

Nitapita haraka hapa kati. Mwaka 1960 Ashe alihamia St. Louis kumalizia sekondari, kwa sababu huko angeweza kucheza mwaka mzima. Akapata nafasi ya kusoma chuo kikuu cha UCLA, California. Mwaka 1963 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuitwa timu ya Marekani ya Kombe la Davis, mashindano ya tenisi ya timu za mataifa. Mwaka 1965 akawa bingwa wa vyuo vya Marekani. Kisha jeshi, akiwa luteni kwenye chuo cha kijeshi cha West Point.

Mwaka 1968 ndio uliompandisha. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa mashindano makubwa kuwaruhusu wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa kukutana. Ashe, bado wa ridhaa, akashinda ubingwa wa ridhaa wa Marekani, halafu pale Forest Hills, New York, akashinda ule wa wazi kwa kumfunga Mholanzi Tom Okker 14–12, 5–7, 6–3, 3–6, 6–3. Hakuna mwingine aliyeshinda yote mawili mwaka mmoja. Zawadi ya bingwa ilikuwa dola 14,000, lakini kwa kuwa ni mchezaji wa ridhaa hakuruhusiwa kuigusa, ikaenda kwa aliyeshindwa. Bingwa alilipwa posho ya dola 20 kwa siku. Baba yake, yule mtunza viwanja, aliingia uwanjani wakati wa kukabidhi kombe na akalia mbele ya watu.

Kuna mtu hakuwepo Forest Hills, na bila yeye sina hakika kama hadithi ingekuwa hii. Johnnie, mdogo wake, alikuwa askari wa majini. Alipomaliza zamu yake Vietnam aliomba kurudishwa tena, kwa sababu alijua jeshi halikuwa na kawaida ya kupeleka ndugu wawili vitani kwa wakati mmoja. Akiwa yeye kule, kaka yake anabaki na raketi. Hakumwambia kaka yake kwa muda mrefu. Nami nina kaka, na nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sisi wa upande huu wa dunia tulikuwa na neno nalo. Ashe aliomba viza ya kwenda kucheza Afrika Kusini, Serikali ya Makaburu ikamnyima mwaka 1969 na kumnyima tena 1970. Alipiga kelele mpaka nchi ile ikatolewa kwenye Kombe la Davis. Lakini mwaka 1973 walipompa viza, alikwenda. Aliweka masharti kwamba mashabiki wasitengwe kwa rangi, na kwamba aende anakotaka na kusema anachotaka. Akafika fainali ya Johannesburg, akafungwa na Jimmy Connors, akashinda ya wawili wawili pamoja na Okker, mweusi wa kwanza kutwaa taji pale.

Mtanzania wa rika la wazazi wangu angekwambia alikosea. Dar es Salaam ndiko ilikokuwa Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Sisi ndio tuliomzuia Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, asiende Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, kwa sababu New Zealand ilicheza raga na Makaburu. Kijana yule alikosa mbio ambazo hazikurudi tena. Kwa nchi iliyolipa bei hiyo, mwanamichezo mweusi kwenda Johannesburg kwa hiari yake lilikuwa jambo gumu kumeza, na mimi nadhani wazee walikuwa sahihi. Ashe mwenyewe alikuja kuunga mkono vikwazo, na Januari 1985 alikamatwa mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington akiandamana. Hata hivyo kuna kitu alikisimulia ambacho sikwepi kukisema. Kule Johannesburg kijana mmoja mweusi alikuwa akimfuata kila aendako. Ashe akamwuliza kwa nini. Kijana akajibu kwamba hajawahi kumwona mtu mweusi aliye huru, huyu ndiye wa kwanza. Sijui ningemwambia nini kijana yule mimi na vikwazo vyangu.

Miaka miwili kabla ya safari ile ya Johannesburg, 1971, akiwa kwenye ziara Yaoundé, Kameruni, alimwona mtoto ambaye hajafika hata miaka kumi na miwili akipiga mpira kama mtu mzima. Akampigia simu Philippe Chatrier wa shirikisho la tenisi la Ufaransa. Mtoto yule alikuwa Yannick Noah, na mwaka 1983 akatwaa ubingwa wa Ufaransa.

Picha ya stoo ilikuwa ya fainali ya Wimbledon, Jumamosi, tarehe 5 Julai 1975. Nimeitazama mechi ile mara nyingi kuliko mechi yoyote. Connors alikuwa na miaka 22, bingwa mtetezi, mashoto mwenye kupiga mpira kana kwamba anaudai. Hakuwa amepoteza seti hata moja njia nzima. Ashe alibakiza siku tano kutimiza miaka 32, na hakuwahi kumfunga Connors hata mara moja. Juu ya hayo, Connors alikuwa amemfungulia kesi ya mamilioni ya dola kwa sababu Ashe alimlaumu kwa maandishi kukataa kuichezea nchi yake Kombe la Davis. Ashe akaingia uwanjani amevaa koti la timu ya taifa, lenye jina la nchi kifuani. Hakusema neno. Koti lilisema.

Usiku wa kuamkia fainali alikaa na rafiki zake wakapanga. Ashe alikuwa mtu wa mapigo makali maisha yake yote, na Connors alikuwa akila mapigo makali: kadiri unavyompelekea mpira kwa nguvu ndivyo anavyokurudishia kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo wakakubaliana amnyime chakula. Akate mpira, aupunguze, auweke chini karibu na miguu upande wa mkono wake wa mbele, pale ambapo hana nguvu ya kuazima. Sevu aipinde itoke nje kabisa ya kiwanja, imvute pembeni. Akisogea wavuni, mpira upite juu ya kichwa chake. Fikiria ugumu wake: unaingia kwenye siku kubwa kuliko zote za maisha yako na unaacha nyumbani kila kitu kilichokufikisha hapo.

Seti ya kwanza 6–1. Ya pili 6–1. Watu jukwaani hawakuamini. Kila walipobadilishana upande, Connors alifukuta kwenye kiti chake, na Ashe aliketi wima, akafumba macho. Amenyamaza kabisa, kama mtu aliye kwenye sala. Kamera zinamrudia, na uso haujibu chochote. Ya tatu Connors akainyakua 7–5. Ya nne akaongoza 3–0, na hapo hata mimi ninayejua matokeo moyo hunidunda. Mchezaji mwingine angeogopa, akarudi kwenye mapigo yake makali aliyoyazoea. Ashe akaendelea kukata na kupunguza, kukata na kupunguza, mpaka 6–4. Akageuka upande wa rafiki zake, akakunja ngumi mara moja, akaishusha.

Mwanamume mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon. Hadi leo ninapoandika ni yeye mwanamume mweusi pekee aliyetwaa mataji ya mchezaji mmoja mmoja ya Wimbledon, Marekani na Australia, hilo la mwisho mwaka 1970. Na ninaamini kwamba fainali ile ilichezwa na mtoto wa Lynchburg. Ukimya aliofundishwa kama kinga ya kutofukuzwa, pale Wimbledon aliugeuza kuwa upanga.

Julai 1979 moyo ulimshtuka, akiwa na miaka 36 na mwili wa mwanariadha. Akapasuliwa Desemba mwaka huo huo, akastaafu 1980. Aliongoza timu ya Kombe la Davis kama nahodha asiyecheza, wakashinda 1981 na 1982, ingawa kumlea John McEnroe na mdomo wake mbele ya waamuzi ilikuwa kazi ngumu kwa mwanafunzi wa Dk. Johnson. Mwaka 1983 akapasuliwa moyo mara ya pili. Alikuwa dhaifu, akaongezewa damu apate nguvu haraka. Marekani ilianza kupima virusi vya ukimwi kwenye damu ya kuongezewa wagonjwa mwaka 1985.

Septemba 1988 mkono wa kulia, ule wa raketi, ulikataa kumtii. Akafanyiwa upasuaji wa ubongo, na majibu ya vipimo yakaleta jina la maradhi. Yeye na mkewe Jeanne, mpiga picha, walikuwa na mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili waliyemwasili, Camera. Waliamua kunyamaza. Walijua rafiki wa karibu, madaktari, basi. Kwa miaka mitatu na nusu watu hao wote walitunza siri, na hilo peke yake linaniambia alikuwa mtu wa namna gani.

Aprili 1992 gazeti la USA Today lilipata fununu, likamwuliza. Akaona hana njia. Tarehe 8 Aprili akawaita waandishi New York na kusema mwenyewe kabla hajasemewa. Alisoma karatasi yake vizuri mpaka alipofika kwenye jina la Camera, aliyekuwa na miaka mitano, na kwamba sasa watalazimika kumfundisha namna ya kukabili maneno ya watu. Sauti ikakatika. Yule mtu aliyefumba macho mbele ya Connors akashindwa kusoma mstari mmoja. Jeanne akasogea, akasoma kwa niaba yake.

Sisi tuna methali: mficha maradhi kilio humuumbua. Nimeisikia ikisemwa vichochoroni kwa wagonjwa wa miaka ile, pamoja na maneno mengine, kwamba fulani ana ngoma, fulani kakanyaga miwaya. Tangu Kagera ilipopata wagonjwa wa kwanza mwaka 1983, tulikuwa na majina kumi ya ugonjwa ule ili tusilitamke moja. Jirani zetu Uganda walikuwa na Philly Lutaaya, mwanamuziki aliyesimama mwaka 1989 akasema ninao, na ninamheshimu bila kipimo. Lakini Lutaaya alichagua. Ashe alichaguliwa, na alikasirika, akasema waziwazi kwamba hakuwa mgombea wa cheo chochote hata umma uwe na haki ya damu yake. Ninakubaliana naye. Methali ile inamlaumu mgonjwa, na wala haimwulizi jirani kwa nini alichungulia.

Baada ya kusemwa, aliusema mwenyewe kwa nguvu zote. Akaanzisha mfuko wa kupambana na ukimwi. Septemba 1992, mwili umeisha, akakamatwa mbele ya Ikulu ya Marekani akiwatetea wakimbizi wa Haiti. Siku ya Ukimwi Duniani, tarehe 1 Desemba, akahutubia Umoja wa Mataifa. Alifariki tarehe 6 Februari 1993, na miaka 49. Richmond, mji uliomfungia viwanja, ulimlaza kwenye nyumba ya gavana, na maelfu ya watu wakapanga mstari kumuaga. Alizikwa pembeni ya mama yake.

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga, nikamkuta shangazi barazani anachambua mchele. Nikamsimulia yote haya, maana picha ile anaikumbuka. Alisikiliza bila kuniangalia. Nilipofika kwenye ile karatasi na Jeanne, aliacha kuchambua.

"Na yule mkewe alipona?"

"Walimpima, shangazi. Hakuwa nao. Wala mtoto."

"Alhamdulillahi." Akapeta mara mbili, akapuliza pumba. "Mdogo wangu alituita ndani, sisi watatu. Akasema ninakufa na ukimwi, lakini pale kazini watoto wa watu wanashika mipira niliyoishika mimi, msiwatie hofu. Semeni kifua. Tukasema kifua."

Mimi ndiye niliyekuwa nikiokota mipira ile. Nilimwuliza kama nina ruhusa kuandika. Alifikiri kitambo, vidole vimo ndani ya mchele.

"Andika, baba. Jina lake usitaje."